Ulimi wa Msuli: Istilahi za Upasuaji wa Kuziba Vidonda vya Kiuno

1. Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, usanifishaji wa istilahi umekuwa miongoni mwa kazi zake kubwa. Istilahi nyingi za elimu, utawala na kilimo zimekwisha kuzoeleka, hata watumiaji wake wamesahau kwamba ziliwahi kuundwa. Uwanja wa tiba, hata hivyo, una shida yake ya pekee. Istilahi ya tiba haikai kitabuni tu. Huandikwa katika barua ya rufaa, husomwa kwa sauti na muuguzi mbele ya mgonjwa, kisha mgonjwa huyo au mzazi wake huombwa atie sahihi au alama ya dole gumba. Asipoelewa alichosomewa, aghalabu hukataa, na pengine ana haki ya kukataa.

Makala haya yanahusu kundi dogo la istilahi, nazo ni zile za upasuaji wa kuziba vidonda vikubwa vya kiuno kwa kutumia msuli wa jirani. Mwandishi alianza kuzishughulikia baada ya kuletewa fomu ya ridhaa iliyotafsiriwa kwa ajili ya hospitali moja inayopokea wagonjwa kutoka Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Fomu ilikuwa na sentensi hii: “Nakubali kukatwa kipande cha msuli wa matako na kupandikizwa mgongoni.” Sarufi yake haina kasoro. Maana yake ndiyo iliyokosewa, na barua ya muuguzi iliyoambatana na fomu hiyo ilieleza madhara yake.

Kijana wa miaka 17 alikuwa ameanguka kutoka juu ya mwembe, akavunjika pingili za uti wa mgongo na kupooza miguu. Baada ya miezi kadhaa ya kulala chali alipata kidonda juu ya mfupa wa sakramu, kidonda ambacho ngumi ya mtu mzima ingeingia. Mama yake aliposomewa sentensi ile alimjibu muuguzi: “Mwanangu, nyama iliyokatwa huoza. Mtamwekea mtoto wangu nyama iliyokufa, kidonda kipone vipi?” Akakataa kutia dole gumba. Zikapita wiki mbili, na kidonda kikazidi kuchimba.

Hoja ya mama huyu ilikuwa sahihi. Msuli uliokatwa na kutenganishwa na damu yake hufa, na hakuna daktari ambaye angetaka kumwekea kijana msuli wa namna hiyo. Daktari alikusudia jambo jingine kabisa, ila mfasiri hakuwa na neno la kulitajia.

2. Upasuaji wenyewe

Mfasiri hawezi kuchagua neno kabla hajaelewa kitu. Kwa hiyo yafaa tueleze kwa ufupi jinsi upasuaji huu unavyofanyika.

Kiuno na sehemu ya sakramu hupata mashimo kwa sababu mbalimbali. Ya kwanza ni mgandamizo: mtu aliyepooza hahisi maumivu, hivyo hajigeuzi, na uzito wa mwili hubana ngozi na nyama kati ya mfupa na godoro mpaka damu ikakoma kupita na sehemu hiyo ikafa. Ndiyo maana wauguzi husisitiza kumgeuza mgonjwa, aghalabu kila baada ya saa 2. Ya pili ni mgongo wazi, yaani hali ya mtoto kuzaliwa pingili zake zikiwa hazikufunga. Shimo likiwa kubwa, ngozi ya kando peke yake haitoshi kulifunika. Ya tatu ni kidonda kilichofumuka baada ya upasuaji wa uti wa mgongo, au kilichobaki baada ya kuondoa uvimbe wa saratani au mfupa ulioingia usaha.

Kidonda kisicho na kina huweza kufunikwa kwa ngozi nyembamba iliyochukuliwa pajani. Ngozi hiyo hutenganishwa kabisa na mahali pake pa asili, ikalazwa juu ya kidonda, na kwa siku za mwanzo ikaishi kwa majimaji ya kidonda chenyewe hadi mishipa midogo ya damu ikaota kuiingia. Tendo hili kwa Kiswahili limekwisha kupata jina, nalo ni kupandikiza ngozi.

Shimo lenye kina linalofika mfupani haliwezi kutibiwa hivyo. Mfupa ulio wazi hauna damu ya kutosha kuilisha ngozi iliyopandikizwa, na ngozi nyembamba haijazi shimo. Hapo daktari hutafuta msuli wa jirani. Huuachanisha na mfupa au na tishu ulizoshikamana nazo kwa pande kadhaa, lakini huuacha ukiwa umeshikamana na mishipa yake ya damu. Kisha huuzungusha, huusogeza au huugeuza kama mtu anavyogeuza ukurasa wa daftari, akaulaza ndani ya shimo. Msuli huo haukosi damu wakati wowote. Huhama mahali, nao huendelea kulishwa na shina lake la awali. Kwa kuwa una damu nyingi, hujaza shimo na pia husaidia mwili kupigana na vijidudu vilivyobaki.

Misuli inayotumika zaidi kwa kiuno ni mitatu. Wa kwanza ni msuli mkubwa wa kalio, ambao una mashina makuu mawili ya damu, la juu na la chini. Kwa hiyo daktari huweza kutumia nusu tu ya msuli na kuiacha nusu nyingine ifanye kazi. Jambo hili ni muhimu kwa mgonjwa anayetembea, maana msuli huo ndio unaomwinua anapopanda mlima au anapotoka kuketi. Wa pili ni msuli mpana wa mgongo, unaotoka kwapani hadi kiunoni. Shina lake kuu liko kwapani, na mashina yake madogo yamepangana kando ya uti wa mgongo. Msuli huu ukining'inia kwenye shina la kwapani, aghalabu haufiki chini ya kiuno; kwa hiyo daktari huweza kulikata shina kuu na kuutegemeza msuli kwenye mashina madogo, akaugeuza kuelekea chini. Wa tatu ni misuli inayousimamisha mgongo, iliyo kulia na kushoto kwa pingili, ambayo huvutwa kutoka pande zote mbili ikakutana katikati.

Elimu hii si ya jana. Waganga wa India ya kale walitengeneza pua iliyokatwa kwa kutumia ngozi ya uso iliyoachwa na shina lake. Mwaka 1906 daktari wa Kiitalia, Iginio Tansini, alieleza jinsi alivyotumia msuli mpana wa mgongo kufunika kifua baada ya kuondoa titi lenye saratani. Mwaka 1981 Stephen Mathes na Foad Nahai wa Marekani waliigawa misuli katika aina tano kwa kufuata idadi na ukubwa wa mashina yake ya damu. Msomaji aangalie kwamba kigezo walichotumia si umbo wala kazi ya msuli. Walitazama damu inaingilia wapi. Istilahi ya Kiswahili nayo haina budi kuanzia hapo.

3. Maneno yaliyokwisha kutumika, na upungufu wake

Katika fomu, barua na mazungumzo, dhana hii imekuwa ikitajwa kwa maneno yafuatayo.

(a) Kipande. Neno hili hutaja kitu kilichotengwa na kizima chake: kipande cha mkate, kipande cha nguo. Linasema kinyume cha kinachofanyika.

(b) Pandikizi. Kitenzi kupandikiza kinajulikana vizuri kwa wakulima. Mche hung'olewa kitaluni na kupelekwa shambani, na katikati ya safari hauna udongo unaoulisha. Neno hili linaifaa ngozi nyembamba ya pajani na figo inayotolewa kwa mtu mwingine. Tukilitumia kwa msuli usioacha damu yake, tutakuwa tumetaja matendo mawili tofauti kwa neno moja, na muuguzi hatajua mgonjwa wake amefanyiwa lipi.

(c) Kiraka. Neno hili ni jepesi na linaeleweka popote. Lakini kiraka ni kitu kilichokufa kinachowekwa juu ya tundu, na kikishashonwa hakina haja ya kuangaliwa tena. Ndugu wa mgonjwa akiambiwa kwamba kuna kiraka mgongoni ataona kazi imekwisha. Kumbe siku za mwanzo ndizo za hatari: mgonjwa akilalia upande huo, mishipa hubanwa na msuli ukafa.

(d) Neno la kukopa. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, nchi ambako elimu ya tiba imefundishwa kwa Kifaransa kwa muda mrefu. Mnamo tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Katika mazingira kama hayo, Kiswahili, Kihangaza, Kishubi, Kirundi, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza hukutana katika wodi moja. Tukiswahilisha neno la Kifaransa la dhana hii tutapata lambo. Nalo lambo kwa Kiswahili ni bwawa la kuhifadhia maji ya mvua. Tukiswahilisha la Kiingereza tutapata flapu, neno ambalo halimwambii lolote mtu ambaye hakusoma Kiingereza. Kanuni inayofuatwa katika kuunda istilahi ni kuanza na hazina ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo tuelekee ng'ambo. Hapa hatuna haja ya kufika ng'ambo.

4. Mfano wa marando

Turudi kwa mama yule. Barua ya muuguzi ilisema kwamba, baada ya wiki mbili, aliiacha fomu mezani na kumwuliza: “Mama, unalima viazi vitamu?” Alipojibiwa ndiyo, alimweleza kwamba kuna namna mbili za rando kufika tuta jingine. Waweza kulikata na kulipanda. Likipata unyevu litashika, lisipopata litanyauka. Lakini lipo rando linalotambaa lenyewe kutoka tuta moja hadi la pili na kutia mizizi huko, huku bado likinyonya kwa mama yake. “Msuli wa mwanao hatuukati kama rando la kupanda. Tunauelekeza utambae.” Mama akauliza swali moja tu, iwapo huko unakotoka patabaki shimo. Alipojibiwa kwamba misuli iliyobaki na ngozi vitashonwa kupafunika, alikubali.

Mfano huu ni mzuri kuliko maneno yote manne tuliyoyataja, na twapendekeza wauguzi wa maeneo ya wakulima wautumie. Je, rando la msuli lifanywe istilahi? Mwandishi alilifikiria, lakini kuna kikwazo. Kwa wakulima wengi marando ni mbegu, yaani yale yaliyokatwa tayari kwa kupandwa. Neno likitolewa katika maelezo ya muuguzi na kuwekwa peke yake kitabuni, litaturudisha kwenye kukata. Mfano huvumilia maelezo marefu. Istilahi haina budi kusimama peke yake.

5. Pendekezo: ulimi wa msuli

Istilahi inayopendekezwa ni ulimi wa msuli, wingi wake ndimi za misuli. Sababu zake ni tatu.

Kwanza, katika Kiswahili ulimi hutumika tangu zamani kwa kitu kilichochomoza kikiwa huru upande mmoja na kimeshikwa upande mwingine: ulimi wa kiatu, ulimi wa moto. Pili, ulimi una shina, na shina la ulimi ni usemi uliopo. Kwa hiyo istilahi ya sehemu yenye mishipa ya damu inapatikana bila kuhangaika: shina la damu. Tatu, neno linakubali vitenzi vinavyotakiwa. Daktari huinua ulimi, huuzungusha, huusogeza, huugeuza, huulaza. Haukati.

Kuna pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba mgonjwa aweza kudhani ulimi wa kinywani ndio utakaotumika. Pingamizi hili lina uzito, hivyo twashauri kwamba katika maandishi ya hospitali istilahi itajwe kamili, ulimi wa msuli au ulimi wa ngozi, bila kufupishwa. Vilevile isifupishwe kuwa kilimi, maana kilimi ni kinyama kining'iniacho kooni.

Ya pili ni ya kitaalamu. Upo upasuaji ambao msuli hutolewa kabisa mahali pake, kisha mishipa yake ya damu ikaunganishwa kwa darubini na mishipa ya mahali papya. Je, huo nao ni ulimi? Twaona ni ulimi, kwa kuwa msuli huhama pamoja na mishipa yake mikuu, na kwa mishipa hiyo hurudishiwa damu papo hapo katika upasuaji uleule. Uitwe ulimi huru, ili utofautishwe na ulimi wenye shina. Katika fasili, basi, sharti la msingi liwe kuhama na mishipa yake ya damu. Kubaki imeshikamana ni sifa ya aina moja tu, ingawa ndiyo inayotumika zaidi kwa kiuno.

6. Maneno jirani yanayohitaji hadhari

Mshipa. Neno hili lina mzigo mkubwa. Laweza kuwa mshipa unaopeleka damu, unaorudisha damu, au mshipa wa fahamu, na katika mazungumzo ya watu wengi ni maradhi ya ngiri. “Mshipa umekatika” ni sentensi isiyofaa kuandikwa katika faili. Wataalamu waandike ateri, vena na neva, maneno ambayo shule zimekwisha kuyazoea; wanapozungumza na mgonjwa waseme mshipa wa damu au mshipa wa fahamu.

Uti wa mgongo. Watu hulitumia kwa safu ya mifupa na pia kwa kamba laini ya neva ipitayo ndani yake. Aliyevunjika mfupa bila kuumia kamba hiyo aweza kutembea tena; aliyekatika kamba hatarajiwi kutembea. Twapendekeza uti wa mgongo libaki kwa safu ya pingili, na kamba ya neva iitwe ugwe wa mgongo.

Mgongo wa chini. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno. Kiswahili kina kiuno, na penye haja ya kwenda chini zaidi kuna sakramu, kisha kifandugu. Watumishi wengine huona haya kuandika kiuno kwa sababu ya ngoma na mizaha. Haya hiyo haina nafasi katika barua ya rufaa, maana daktari wa Bugando, Mwanza, anayeipokea anahitaji kujua kidonda kiko wapi.

Upasuaji wa plastiki. Neno la asili la Kigiriki lilihusu ufinyanzi, yaani kuumba kwa mkono. Msikilizaji wa leo hufikiri ndoo na vikombe, akadhani atawekewa plastiki mwilini. Upasuaji rekebishi, ambao umekwisha kuanza kutumiwa, unafaa na udumishwe.

7. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

1. Upasuaji rekebishi: upasuaji wa kurudisha umbo au kazi ya sehemu ya mwili iliyoharibika.
2. Ulimi wa msuli: msuli, au sehemu yake, unaohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu ili kuziba au kujaza kidonda.
3. Shina la damu: mahali ambapo ateri na vena zinazolisha ulimi huingilia.
4. Ulimi huru: ulimi ambao mishipa yake hukatwa na kuunganishwa upya na mishipa ya mahali papya.
5. Pandikizi la ngozi: ngozi iliyotenganishwa na damu yake na kulazwa juu ya kidonda.
6. Chimbuko la ulimi: mahali ambapo ulimi umetolewa.
7. Sakafu ya kidonda: sehemu ya ndani ya kidonda ambayo ulimi au pandikizi hulazwa juu yake.
8. Kidonda cha mgandamizo: kidonda kinachotokana na kulalia au kukalia sehemu moja kwa muda mrefu.
9. Mgongo wazi: hali ya kuzaliwa pingili zikiwa hazikufunga.
10. Ugwe wa mgongo: kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo.

8. Hitimisho

Fomu iliyotajwa mwanzoni imeandikwa upya. Sentensi yake sasa ni hii: “Nakubali msuli wa kalio langu uhamishwe, ukiwa na mishipa yake ya damu, uzibe kidonda cha kiuno. Nimeelezwa kwamba sitaulalia wala kuukalia mpaka daktari aniruhusu.” Wasomaji watagundua kwamba istilahi ulimi wa msuli haimo. Imewekwa katika faili la daktari na katika barua ya rufaa, ambamo wataalamu wanahitaji neno moja fupi lisilobadilika. Mgonjwa anahitaji kuambiwa kitu kilivyo. Mfasiri mwenye kazi hizi mbili mkononi asilazimishe neno la faili liwe maelezo ya mgonjwa, wala asiache maelezo ya mgonjwa yakosane na neno la faili.

Mapendekezo haya si amri. Wauguzi, walimu wa vyuo vya uganga na wafasiri, hasa wa Ngara, Biharamulo na wilaya nyingine, wanaombwa watuletee maneno wanayoyasikia kwa wagonjwa wao, pamoja na kasoro watakazoziona katika orodha hii. Neno moja katika makala haya, chimbuko, bado halijamridhisha mwandishi. Huenda mkulima fulani analo lililo bora zaidi.